Spika za pikapu: wati 500 za kwenye boksi zina maana gani?

Mjomba wangu ana Hilux dabo kebini anayobebea nyanya huko Ilula, Iringa. Spika za milango ya mbele zilikuwa zimeanza kukwaruza, mpaka taarifa ya habari ikawa inasikika kama mtu anayeongea huku amejifunika blanketi. Siku aliyoteremsha mzigo Dar es Salaam alipitia Gerezani, Kariakoo, akanunua jozi mpya. Boksi lilikuwa limeandikwa 500W kwa maandishi makubwa kuliko jina la bidhaa yenyewe. Fundi akazifunga palepale, haikufika hata saa moja. Jioni aliposimama Chalinze kula, akanipigia simu. "Mjomba," aliniambia, maana sisi huitana hivyo sote wawili, "hizi spika mpya mbona zinalia chini kuliko zile mbovu?"

Hakuwa amekosea. Zilikuwa zinalia chini kweli, na wala hakuuziwa feki. Aliuziwa spika nzima, ila haikuwa ya redio aliyonayo, na aliichagua kwa kipimo ambacho karibu kila mtu anakitumia dukani: wati. Muuzaji anataja wati, mnunuzi anauliza wati, bei inapanda kwa wati. Swali kama la mjomba nalisikia mara kwa mara kwa wenye pikapu, hasa waliochukua gari lililotumika wakakuta spika zimekwisha. Tulifumue jambo hili taratibu, tukianza na spika yenyewe.

Ndani ya spika

Spika ni koni ya karatasi ngumu au plastiki, imeshikwa pembezoni na ukingo laini unaoiruhusu kucheza. Nyuma ya koni kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kama uzi kwenye kigurudumu, na koili hiyo imetumbukia kwenye mwanya mwembamba wa sumaku. Redio ikipeleka umeme kwenye koili, sumaku inaivuta na kuisukuma, koni inakwenda mbele na kurudi nyuma, hewa inasukumwa, na sisi tunasikia. Sauti nzito, besi, inataka koni kubwa inayosafiri mwendo mrefu. Sauti nyembamba inataka kidude chepesi kinachotetemeka haraka sana, na hicho ndicho twita.

Zile spika za zamani mjomba alirudi nazo ndani ya boksi la mpya. Niliweka moja mezani nikaigeuza. Koni ilikuwa ya karatasi, nyepesi, na ukingo wake wa sponji ulikuwa umekatika robo tatu ya mzunguko. Niliugusa kwa kidole ukasagika ukawa unga mweusi kama masizi. Miaka ya jua kali na unyevu huula sponji hivyo. Ukingo ukishakwisha, koni inayumba, koili inasuguana na kuta za mwanya wake, na msuguano huo ndio mkwaruzo tunaousikia.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, hakikisha kwanza kwamba kinachoumwa ni spika. Toa kifuniko cha mlango, weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, karibu na katikati, ibonyeze taratibu na kwa usawa. Ikichakacha, imekwisha. Isipochakacha, badilishana nyaya za kushoto na za kulia nyuma ya redio. Mkwaruzo ukihamia upande wa pili, ugonjwa uko kwenye redio, na spika mpya zitakwaruza vilevile. Nimeona watu wakibadilisha spika mara mbili kumbe redio ndiyo iliyochoka, au waya unaopita kwenye mpira wa bawaba ya mlango umekatikia ndani kwa kufunguliwa na kufungwa maelfu ya mara.

Wati ni uwezo wa kuvumilia

Hapa ndipo mkanganyiko wote ulipo. Unapovuka daraja dogo la kijijini unakuta kibao: mwisho tani 10. Kibao hicho hakisemi kwamba kila gari linalopita hapo lina tani 10. Baiskeli inapita, bajaji inapita. Kinasema tu kwamba ukizidisha tani 10 daraja linaweza kuvunjika. Wati zilizoandikwa kwenye spika ni kibao cha namna hiyo. Spika haizalishi wati hata moja. Inapokea. Kinachozalisha ni redio, au amplifaya kama ipo.

Tena kibao chenyewe huandikwa kwa namna mbili. Kuna wati za kudumu, ambazo spika inaweza kuzibeba muda mrefu bila kuungua. Kwenye karatasi ya ndani ya boksi hutambulishwa kwa herufi RMS. Halafu kuna wati za kilele, za kupita mara moja kama mtu anayeruka juu ya daraja, ambazo huandikwa MAX au PEAK. Namba kubwa ya juu ya boksi karibu siku zote ni ya kilele. Spika za mjomba zilikuwa 500 kwa kilele. Za kudumu, kwa maandishi madogo ndani, zilikuwa 90.

Sasa tuigeukie redio, maana ndiyo inayolisha. Redio nyingi za gari zimeandikwa usoni 50W x 4. Namba hiyo inatoka wapi? Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari huwa karibu volti 14.4. Spika ya kawaida ya gari ina ukinzani wa omu 4, neno nitakalolieleza hivi punde. Chukua 14.4 zidisha kwa 14.4, gawanya kwa 4: unapata karibu 52. Ndiyo hiyo 50. Lakini hesabu hiyo inadhani redio inamwaga umeme wote kwenye spika muda wote bila kupanda wala kushuka, na umeme wa aina hiyo si muziki, ni kelele iliyokatwa kichwa na miguu. Sauti safi hupanda na kushuka kama wimbi, na wimbi safi la volti hizo hutoa nusu tu, kama wati 26, kabla ya kupoteza nyingine kwa joto ndani ya redio. Kinachofika mlangoni kikiwa safi ni wati 18 hadi 22 hivi.

Asiyeamini hesabu aangalie nyuma ya redio yake. Kuna fyuzi, na mara nyingi ni ya ampea 10. Ampea 10 kwa volti 14.4 ni wati 144, na hizo ni zote zinazoingia: za taa za kioo, za kusoma flashi, za kupoza mashine, na za sauti. Redio inayokula wati 144 haiwezi kutoa wati 200 kwenye milango minne. Niliitoa redio ya mjomba nikamwonyesha fyuzi hiyo nyekundu yenye namba 10. Aliishika, akaitazama kwa muda, akasema, "Kwa hiyo mimi nina wati 20."

Ndiyo, ana wati 20. Na wati 20 zinatosha kabisa kujaza kebini ya pikapu, zikipewa spika inayojua kuzitumia.

Namba ya kuitafuta ni desibeli

Kila anayepika anajua tofauti ya jiko la kawaida na jiko banifu. Weka kopo moja la mkaa kwenye kila jiko. Kwenye la kawaida maharage yanaiva nusu na mkaa umekwisha. Kwenye jiko banifu yanaiva na moto unabaki. Mkaa ni uleule, ila jiko moja linapoteza na jingine linatumia.

Spika nazo ziko hivyo. Wataalamu huipa spika wati moja tu, wanaweka kipaza sauti umbali wa mita moja, wanapima sauti inayotoka. Jibu huandikwa kwa desibeli, dB. Spika nyingi za gari ziko kati ya 85 na 93. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, na hapo ndipo watu wanaposhindwa kuona uzito wake, kwa sababu desibeli hazipandi kama shilingi. Kila ukiongeza 3, ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Ukiongeza 6, ni mara nne.

Karatasi ya spika za wati 500 ilisema 86. Nilizomtafutia baadaye zilisema 92, na wati zake za kudumu ni 60 tu. Tofauti ni 6. Maana yake, spika ya 86 ingehitaji wati 80 ili ilie sawasawa na ile ya 92 inavyolia kwa wati 20. Redio ya mjomba haina wati 80 na haitakaa iwe nazo.

Na hili ndilo jibu la swali lake la Chalinze. Spika za kiwandani, pamoja na udhaifu wake wote, hutengenezwa kwa koni nyepesi ya karatasi ili zilie vizuri kwa redio dhaifu ya gari. Spika inayojivunia wati nyingi ina koili nene na koni nzito ili isiungue ikipewa amplifaya kubwa. Uzito huo huo ndio unaoifanya igome kuamka kwa wati 20. Mjomba alitoa jiko banifu bovu akaweka jiko kubwa la kupikia harusini, halafu akalitilia kopo moja la mkaa.

Kuna mtego mdogo hapa. Badala ya wati moja, watengenezaji wengine hupima kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 4 volti hizo ni wati 2, siyo 1, na namba inapanda desibeli 3 bila spika kuwa bora zaidi. Kwa hiyo ukikuta 2.83V pembeni ya dB kwenye spika ya omu 4, punguza 3 kabla ya kulinganisha na spika iliyopimwa kwa wati moja.

Omu, na spika za nyumbani

Nyuma ya sumaku utaona alama ya Ω, inasomwa omu. Ni kipimo cha jinsi spika inavyoubania umeme. Fikiria tangi la maji na bomba. Omu nyingi ni koki iliyofunguliwa kidogo, maji yanatoka kwa kubanwa. Omu chache ni koki iliyofunguliwa sana, maji yanatoka kwa wingi na tangi linaelemewa. Redio nyingi za gari zimetengenezwa kwa koki ya omu 4.

Wapo wanaochomoa spika za redio ya nyumbani na kuzifunga kwenye mlango wa gari. Nyingi ni za omu 8, kwa hiyo redio haitaumia, lakini itatoa nusu ya wati zake, na sauti itapungua. Hatari iko upande wa pili: kuunganisha spika mbili za omu 4 kwenye waya mmoja, chanya na chanya, hasi na hasi. Zikikaa hivyo kwa pamoja zinakuwa omu 2. Redio inachemka, inajizima yenyewe njiani, na mwisho inaungua. Huo ndio ugonjwa wa pikapu zilizoongezewa spika nyuma ya kiti bila kuongezewa kitu cha kuzilisha.

Ukiwa na multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi, ingia nayo dukani bila aibu. Spika nzima ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8 hivi. Ikisoma 1 au isiposoma kabisa, rudisha.

Itaingia?

Ukubwa hutajwa kwa inchi: 4, 5 na robo, 6 na nusu, na ile ya yai ya 6 kwa 9. Inchi 6 na nusu ni kama sentimita 16.5. Lakini inchi peke yake haitoshi, na usikubali kuambiwa "hizi zinaingia Hilux zote", au D-Max zote, au L200 zote. Matoleo yanatofautiana, na gari lililotumika linaweza kuwa limeshakatwa na fundi kabla yako.

Pima tundu lenyewe. Kisha pima kina, kuanzia bati la mlango kwenda ndani mpaka kwenye kioo, kioo kikiwa kimeshushwa chote. Wengi hupima kioo kikiwa juu. Wanafunga, wanafurahi, halafu wakifika kituo cha kwanza cha ukaguzi wanashusha kioo ili kuongea na askari, kinagonga sumaku ya spika. Pima na mbele pia: twita za katikati wakati mwingine huchomoza zikagusa wavu wa kifuniko cha mlango.

Spika za kiwandani mara nyingi zina fremu ya plastiki iliyoinuka, kwa hiyo spika mpya yenye fremu bapa itahitaji pete ya kuinulia. Mafundi wetu huchonga pete kwa mbao. Kama ni mbao, iwe plaiwudi inayostahimili maji na ipakwe rangi pande zote. Zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa hufura kama mkate kwenye chai msimu wa kwanza wa mvua. Na wakati wa kutoboa bati, weka spika mbali. Unga wa chuma unaotoka kwenye drili hurukia sumaku, unaingia kwenye mwanya wa koili, na hautoki tena.

Mlango ni nusu ya spika

Ningeruhusiwa kusema jambo moja tu katika makala yote haya, ningesema hili. Watu wanahangaika na spika na kuusahau mlango.

Chukua ungo, uupunge hewani kwa nguvu kama unayepepea moto. Mbele ya ungo hewa inasukumwa, nyuma yake kunabaki upungufu, na hewa ya mbele inakimbia kuzunguka ukingo kwenda kuziba ule upungufu. Koni ya spika inafanya hivyo hivyo. Kila inaposukuma hewa mbele, inaivuta nyuma. Hewa ya mbele ikipata njia ya kuzunguka kwenda nyuma, zinafutana, na kinachofutika zaidi ni besi. Kwenye mlango wa pikapu njia ni nyingi: matundu makubwa ya bati la ndani yaliyoachwa ili fundi afikie mashine ya kioo, na mwanya kati ya spika na bati.

Tulipofungua mlango wa mjomba tulikuta spika mpya imeshikwa na skrubu mbili tu kati ya nne, upande mmoja imeinuka kiasi cha kupitisha kidole, na ile karatasi ya nailoni inayofunika matundu ya bati imechanwa ikatupwa. Kidole changu kilipita pembeni ya spika mpaka ndani ya mlango. Hata spika ya bei mbaya ingekosa besi pale.

Tulichofanya hakikuwa na gharama kubwa. Tulipofunga zile za desibeli 92 tuliweka ukanda wa sponji ngumu kati ya pete na bati na kati ya spika na pete, tukakaza skrubu nne kwa kupishanisha kama nati za tairi. Matundu makubwa tuliyaziba kwa ile gundi nzito yenye karatasi ya alumini wanayozibia mapaa yanayovuja. Kipande kingine cha gundi hiyo tulikibandika kwa ndani kwenye bati la nje, nyuma ya spika. Mlango uliokuwa ukilia kama debe ukigongwa ukaanza kujibu kwa sauti nzito.

Ile karatasi ya nailoni tulirudisha nyingine. Ipo kwa sababu maji ya mvua huteremka kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango kila siku. Hilo ni jambo la kawaida, na chini ya mlango kuna matundu ya kuyatoa. Nailoni inayazuia yasije upande wa kifuniko na spika. Matundu ya chini usiyazibe kamwe, mlango utaoza. Na kwa kuwa maji na vumbi havikwepeki kwenye pikapu inayofanya kazi, chagua spika yenye ukingo wa mpira. Koni ya plastiki haijali maji. Ya karatasi iliyopakwa dawa nayo huvumilia, na mara nyingi huwa nyepesi, yaani inalia zaidi kwa redio dhaifu.

Nyaya mbili, makosa mawili

Kila spika ina nyaya mbili, chanya na hasi. Zikigeuzwa kwenye spika moja tu, spika zote mbili zitalia, na bila mazoea ya kusikiliza hutajua kwa nini besi imetoweka. Gari likikwama kwenye tope, mmoja akasukuma kutoka nyuma na mwingine akasukuma kutoka mbele, wote watatoka jasho na gari halitasogea. Spika ya kushoto inasukuma hewa wakati ya kulia inaivuta.

Mlango wa kulia wa mjomba ulikuwa umegeuzwa. Tuliugundua kwa betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti. Tulichomoa nyaya kwenye redio, tukagusisha betri kwenye waya wa kila spika, chanya kwa chanya, kwa kufumba na kufumbua. Koni ya kushoto iliruka nje. Ya kulia ikaruka ndani. Mjomba alikuwa amechuchumaa akiangalia, akasema tena tugusishe, aone mwenyewe.

Kosa la pili linaua redio kabisa. Zipo gari za zamani sana ambazo hasi ya spika ilishikizwa kwenye bodi ya gari, na bado kuna mafundi wanaofanya hivyo kwa kuokoa waya. Redio za sasa hutuma sauti kwenye nyaya zote mbili. Hasi ikigusa bodi, redio inaweza kuungua. Kila spika ipate nyaya zake mbili, kutoka kwenye redio mpaka kwenye spika. Na soketi ya kiwandani usikubali ikatwe. Kuna soketi za kuunganishia zinazouzwa, na siku ukitaka kurudisha spika au kuuza gari utashukuru waya uko mzima.

Mengine yanayosemwa dukani

Wanasema sumaku kubwa ndiyo spika nzuri. Sumaku kubwa inaweza kuwa nzuri, lakini nyingine zimevalishwa kofia ya mpira ili zionekane nene. Zipo pia sumaku za neodimiamu, ndogo kama kifuniko cha chupa kubwa ya maji, zenye nguvu kuliko hizo. Kwenye mlango mwembamba wa pikapu, sumaku ndogo yenye nguvu ni neema, kwa sababu ya kile kioo.

Wanasema spika ya njia 5 inashinda ya njia 2. Njia ni idadi ya vipande vinavyogawana sauti: koni ya besi na twita ni njia 2. Vile vidude vingine vilivyopangwa katikati kwenye spika za bei ya chini mara nyingi ni mapambo yanayolia kidogo na kuziba koni iliyo nyuma yake. Njia 2 zilizotengenezwa vizuri zinatosha. Zipo pia spika ambazo twita hufungwa mbali na koni, juu karibu na kioo cha mbele, na sauti ya mwimbaji inapanda kutoka magotini kuja usawa wa uso. Ni nzuri sana, ila fundi awe na subira, na gari liwe na mahali pa kuziweka.

Wanasema spika ya wati chache itaungua. Spika ya wati 60 za kudumu kwenye redio ya wati 20 haina hatari. Kinachounguza, hasa twita, ni kufungulia redio mpaka sauti inaanza kupasuka. Hapo redio inatuma yale mawimbi yaliyokatwa vichwa, yenye joto jingi. Ukisikia inapasuka, rudisha nyuma hatua mbili.

Na sabufa? Besi ndiyo ya kwanza kumezwa na mngurumo wa dizeli na matairi kwenye barabara ya vumbi, ndiyo maana spika iliyotikisa duka inasikika nyembamba ukifika njia ya shamba. Kwa mwenye kutaka mdundo wa kweli, sabufa bapa yenye amplifaya ndani yake, inayokaa chini au nyuma ya kiti, inasaidia kuliko spika yoyote ya mlangoni. Kwenye singo kebini ndiyo karibu nafasi pekee iliyopo. Ivutiwe waya wake mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, wenye fyuzi karibu na betri, maana waya mnene unaosuguana na bati bila fyuzi unaweza kuwasha moto. Lakini anza na milango ya mbele. Spika za milango ya nyuma ya dabo kebini, kama hazijachanika, ziache. Dereva hazisikii sana, na fedha hiyo ina kazi mbele.

Tulimaliza kazi ya mjomba saa kumi na moja jioni. Kabla ya kurudisha vifuniko tulishusha vioo vyote viwili na kuvipandisha mara tatu, tukafunga milango kwa nguvu ile anayoifunga yeye akiwa na haraka. Halafu tukaenda mpaka shambani na kurudi, njia ya makorongo, redio ikiwa katikati tu. Hakusema kitu mpaka tuliporudi barabarani, akaniuliza yule mtangazaji ni mgeni au ni yuleyule wa siku zote.

Zile za wati 500 ziko stoo ndani ya boksi lake. Kuna kijana wa jirani mwenye amplifaya kwenye gari lake anazitaka, na kwake zitalia vizuri. Mjomba ameshamwambia: hazina ubaya, zinataka kulishwa.